Paka Wangu Hasikii

Mpendwa Mama Mkubwa,

Mimi ni kijana ambaye jogoo wa mtaa wetu hathubutu kumwamsha, huja dirishani kuuliza kama niko tayari jua litoke, na sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili unifahamu kabla sijaomba msaada, maana anayeomba msaada hapa si mtu wa hivi hivi. Kazi yangu ni fundi makochi. Kochi nililolivika mimi, mgeni akilikalia husahau kuaga. Kuna baba mmoja alikuja kujaribu moja asubuhi, mkewe akaja kumtafuta jioni, naye akakaa. Shule niliacha darasa la sita, au niseme shule ndiyo iliyoniacha, ilishindwa na kasi yangu, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya humu isukume kidogo kwa kidole uendelee kusoma.

Naomba msaada kuhusu paka.

Najua utacheka, hata Mzee Nyundo mwenye karakana alicheka mpaka misumari anayoibana midomoni ikamwagika. Lakini ngoja. Nakaa chumba cha juu ya karakana, sakafu ya mbao, dirisha moja linatazama paa la jirani, na humo nilikuwa nakaa na kaka yangu mpaka kaka akaoa, akaondoka na godoro lake, redio yake na kikohozi chake, nikabaki mimi na maneno yangu. Mama Mkubwa, mimi nisipoongea napata homa. Na ukiongea peke yako chumbani, maneno yanagonga ukuta yanarudi, yanakuta mengine ndiyo kwanza yanatoka, yanapishana mlangoni yanaoneana haya. Basi nikawatangazia watu kwamba panya wanatumalizia sponji, nahitaji paka. Panya kweli alikuwepo, lakini mmoja, na alikuwa mzee.

Nikaenda kwenye kile kituo wanakopelekwa paka na mbwa waliookotwa. Anayekisimamia ni mama mmoja wa viatu vya mpira, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine ufagio, na maswali yake hayaishi. Unaishi na nani? Dirisha lina wavu? Ukiugua nani atamlisha? Nikamwambia, "Mama, hata dada yako akiposwa mnauliza haya yote?" Akanijibu, "Dada yangu mambo yakimshinda atarudi nyumbani kwa miguu yake. Hawa hawana pa kurudi." Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu hutokea kama kupatwa kwa jua.

Mule ndani paka wa kila namna wanalia, wanapanda wavu, wanajinadi kama bidhaa za mnada. Lakini kwenye kona, juu ya gunia lililokunjwa, kulikuwa na mmoja mweupe kama sufi ya mto, amelala katikati ya zogo lote, kama vile zogo linatokea ng'ambo ya mto na yeye amebaki ng'ambo hii. Alipofumbua macho, moja la manjano, moja la bluu, nikahisi mtu amenifungulia madirisha mawili ya nyumba mbili tofauti. Nikasema, "Huyo."

Mama wa kituo akaweka ndoo chini. "Huyo hasikii, nakwambia mapema. Watu wawili wameshamrudisha kwa sababu hiyo hiyo."

"Mama, hata mimi sisikii, kamuulize mwalimu wangu. Tutaelewana."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa mpaka kwenye uboho."

Akaanza kunieleza habari za namna ya kumwamsha na habari za barabarani, lakini mimi nilikuwa nimeshabeba kikapu niko getini, namhutubia mbwa wao mmoja wa miguu mitatu. Nililosikia ni la mwisho tu, kwamba atakuja kututazama Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kama hatujazoeana atamchukua, bila ugomvi.

Nikampa jina Bi Harusi, kwa weupe wake, na kwa kimya, na kwa namna alivyokaa katikati ya chumba akisubiri wengine tuhangaike.

Siku zile za mwanzo sijui nikueleze vipi, Mama Mkubwa. Mchana tukichana sponji, vumbi lake huelea kwenye mwanga wa mlangoni, halipandi wala halishuki, naye Bi Harusi hulala chini yake juu ya vipande vya kitambaa mpaka hujui vumbi linaishia wapi na paka anaanzia wapi. Msumeno wa umeme ukiwashwa wateja hutoka nje, kunguru huhama paa, na mwenzangu tunayemwita Gundi, kwa sababu akikalia kochi habanduki, huziba masikio kwa mito miwili. Bi Harusi hageuzi hata upande. Nikawaambia, mnaona paka jasiri? Kamfuata jasiri mwenzake. Nikimtazama sana nilikuwa nasinzia nimesimama, nyundo mkononi, naona karakana nzima imejaa sufi hadi darini na sisi tunaelea ndani yake, makochi, viti, Mzee Nyundo na misumari yake mdomoni, hakuna anayemgonga mwenzake.

Jioni nikipanda chumbani nalala chali sakafuni, namhadithia mambo yangu, jinsi nilivyomfundisha kazi Mzee Nyundo (ukweli ni yeye aliyenifundisha mimi, lakini Bi Harusi hana haja ya kujua yote), naye anapanda kifuani, anajikunja, anaweka kidevu chake hapa kooni, anautazama mdomo wangu. Nikinyamaza ananigusa kwa mkono, kama mtu anayesema, enhe, ikawaje? Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo, hata mimi mwenyewe sijawahi. Anga linabadilika rangi dirishani, maneno yanakuwa mazito na laini, naanza kuota kabla sijalala, naota nimebakiza neno moja tu la kusema duniani, na neno lenyewe lina manyoya.

Sasa tatizo. Haitikii. Akinipa mgongo nikamwita, hageuki. Naingia na salamu zangu zote, amelala, hatikisi hata sikio, na nikimgusa anaruka kama nimemmwagia maji. Nilimpa mpaka methali. Nilikaa nyuma ya mgongo wake nikamwambia kwa heshima, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akaanza kujilamba guu.

Na mimi karakanani nilikuwa nimeshajitapa kwamba nikimwita mara moja anakuja mbio na chaki yangu mdomoni. Basi juzi mama mshonaji wa jirani kaja kuchukua viti vyake, akasema, "Hebu mwite tuone." Bi Harusi yuko kwenye ngazi, katupa mgongo. Nikamwita kwa sauti ya kawaida. Nikamwita kwa sauti ya mahaba. Nikamwita mpaka mtu wa nyumba ya tatu akaitika, "Abee!" Karakana ikaanguka kwa kicheko. Gundi akasema bila kuinuka, "Huyo si bi harusi tena, ni mtalaka. Hakutaki, ndugu yangu." Mzee Nyundo akatema misumari ili acheke kwa nafasi. "Na wewe ndiye unayeongea na majogoo!" Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hazikuuma kwa kicheko.

Sasa Jumamosi inakuja na mama wa kituo anakuja nayo. Bi Harusi hapandi tena kifuani. Anakaa juu ya kabati, nikiinua mguu tu anajibana ukutani. Gundi anasema paka huzaliwa na dharau. Mzee Nyundo anasema, mrudishe, uchukue anayesikia. Ndiyo nauliza, Mama Mkubwa, nimrudishe? Au kuna dawa ya dharau ya paka?

Nilitaka kuishia hapo, kalamu imekataa. Jioni ile ya kicheko nilipanda juu nikamkuta amelala sakafuni, mahali petu, pale ninapolala chali. Nikamwita mara ya mwisho, polepole kabisa. Kimya. Nikainua mguu nikaupiga chini kwa nguvu zangu zote, karibu na kichwa chake, ubao ukalia, kikombe kikaanguka. Aliruka, akageuka, akanitazama. Hakunikunjia uso wala hakunitolea kucha. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Mengine yote niliyokuandikia yapunguze unavyotaka, jogoo mwenyewe hanijui. Hilo la mguu usilipunguze. Ndilo lililoharibika, na niliharibu mimi, na sasa nikilala chali nikaongea, inayonisikiliza ni dari.

Ni mimi,
Bingwa wa Makochi

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Bingwa, mwanangu, kalia moja ya hayo makochi yako, na safari hii usahau kuaga mpaka nimalize. Barua yako nimeirusha mbele ya wenzako wote wa foleni kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Paka wako ni kiziwi.

Uliambiwa. Uliambiwa kwa Kiswahili chepesi, tena kabla hujamgusa: hasikii. Mama wa watu alikuwa anazungumzia masikio, wewe ukadhani anazungumzia tabia, kwa kuwa neno hilo umelibeba mgongoni tangu darasa la kwanza, fulani hasikii, fulani mtukutu. Ukamjibu kwamba hata wewe husikii, na katika majigambo yote ya barua yako hilo peke yake ndilo kweli tupu. Maelezo aliyokuwa anakupa yalikuwa ya kukulinda wewe na paka. Ukayaacha hewani ukaenda kumhutubia mbwa!

Haya, tazama upya. Kutoamshwa na msumeno wa umeme si ujasiri, ni kimya. Anayeruka akiguswa hakukudharau, hakujua umeingia. Nimemuuliza daktari wa mifugo, akaniambia paka weupe baadhi yao huzaliwa hivyo, hasa wakiwa na jicho la bluu. Mpeleke kwa daktari wa huko kwenu naye amtazame.

Lakini kuna moja ambalo sikugombezi, nakusikitikia tu kwa kutoliona. Unadhani kidevu alikiweka kooni kwako kwa nini? Ndiko unakotetemeka ukiongea. Ulikwenda kutafuta wa kukusikiliza, ukampata asiye na masikio, naye akatafuta njia, akakusikiliza kwa mifupa. Wewe kijana ndiye umwite msikilizaji wa namna hiyo mbele ya mama mshonaji, alete chaki kama mtumishi?

Na ule mguu. Sitakubembeleza, kwa kuwa wewe mwenyewe hukujibembeleza, na kwa hilo nimekuheshimu. Sakafu ndiyo sauti yake. Siku zote ulimwita asisikie. Siku uliyokanyaga ubao ndiyo ya kwanza umemwita akasikia, na ulichomwambia kilikuwa hasira. Ndiyo maana yuko juu ya kabati, anangoja kujua kama una neno jingine.

Basi usimrudishe. Ameshapelekwa na kurudishwa mara mbili, asirudishwe ya tatu kwa aibu ya mtu aliyechekwa. Mfundishe neno jingine kwa njia ile ile: piga ubao kwa kiganja, taratibu, tap tap, halafu weka chakula. Kila chakula, tap tap, mpaka mtetemo wa sakafu uwe na maana ya heri. Usimguse amelala; bonyeza godoro kando yake kwanza, au washa na kuzima taa, akuone usoni. Dirisha litie wavu, na ule mlango wa karakana wenye mwanga mzuri ufungwe akiwa chini, maana gari linalopiga honi kwake ni upepo tu. Mwambie na Gundi, kama anaweza kuinuka.

Jumamosi mama wa kituo akifika, usimpe habari za jogoo. Mweleze ulisikia nini na hukusikia nini, na la mguu mweleze. Atakukaripia, nawe umkubalie. Kisha mwombe akumalizie yale maelezo uliyomkatiza getini, na usitie neno mpaka afike mwisho.

Jioni lala chali mahali penu. Usimwite. Ongea kwa sauti nzito itokayo kifuani, polepole. Jisifu upendavyo, mwambie hata jua huja kukuuliza, huyo hana neno na uongo wako, anachotaka ni mtetemo. Huenda asishuke leo, wala kesho. Endelea. Na siku utakapohisi uzito wake kifuani na kidevu chake kimerudi kooni, na mwili wake nao umeanza kunguruma, hapo, Bingwa, nyamaza. Naye ana ya kwake ya kukuambia.