Mama Huguette na Kitabu Alichokijalidi kwa Mapenzi

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoanguka karakanani kwako hapa Paris, ukiwa bado umevaa aproni yako yenye madoa ya gundi. Daktari alisema ni kiharusi. Sisi wanao tunajua ulianza kutuondokea siku kumi na moja kabla.

Miaka arobaini na miwili ulijalidi vitabu vya watu, ukivishona na kuvivika majalada. Uliviita wagonjwa wako. Mteja akileta kitabu chenye doa la siagi ulimgombeza, "Wewe, hii ni sahani?" Kisha ukakipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kitabu cha Baba pekee hukuwahi kukigusa. Kilikuwa toleo la kwanza la kitabu cha falsafa, kilichochapwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa karatasi mbovu. Kilisema hakuna azaliwaye na maana ya maisha yake mfukoni. Mtu hujitengenezea mwenyewe kwa anayoyachagua. Baba aliwasomesha wanafunzi wake hayo miaka thelathini. Bwana Peyrac, muuza vitabu adimu, hakukosa kuja kila Krismasi.

"Mwalimu, niuzie. Jalada lake la karatasi bado zima kabisa!"

"Nitakuuzia," Baba alimjibu, "ukikubali kunibeba na mimi."

Tulidhani ni ubahili wa mpenda vitabu. Hakutuambia, wala wewe hakukuambia, kwamba dada yetu Odile alikisoma kiangazi kile cha mwisho cha uhai wake, akiwa na miaka kumi na tisa, saratani imeshaharibu damu yake. Alibishana nacho kwa penseli pembezoni mwa kurasa. "Sikubali." "Baba, huyu bwana ameoa kweli?" Baba aliyafungia hayo kabatini, akawa anayasoma peke yake.

Nawe ulikuwa na siri yako. Mtoto wa jicho alikuwa ameshatanda macho yote mawili, ukatuambia taa ya karakana ndiyo mbovu.

Baba alipokwenda wiki moja kwa shangazi, mjini Nantes, ulikitoa kitabu chake kabatini. Kurasa zilikuwa zinachomoka, kingo zimeliwa. Alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano, ukataka kumpa zawadi ambayo mikono yako tu ndiyo ingeiweza. Ulikishona upya, ukakivika ngozi ya mbuzi ya kijani, ukazikata kingo zikanyooka, ukazipaka dhahabu.

Tulikuwepo mezani alipokifungua. Alitabasamu. Akageuza kurasa, akageuza tena upesi upesi. Palipoandikwa "Sikubali" palibaki "Siku".

"Umemkata," akasema.

"Nimemkata nani?"

"Odile. Umemkata Odile."

Ulikimbilia dirishani na kitabu, ukausogeza ukurasa mpaka ukagusa pua yako. "Anselme, sikuona. Naapa sikuona."

"Fundi gani haoni?"

Hakukusemesha tena. Siku kumi na moja ulimwekea kahawa, akainywa, akaondoka mezani. Ulikwenda hadi kwa wazoa taka kuulizia vipande vya karatasi vyembamba kama tambi. Walikucheka, kisha wakakuonea huruma: gari lilikuwa limeshapita. Ulimpigia simu binti yako Clarisse ukilia, naye akakuambia, "Mwache, Mama, hasira zitapoa." Mwanao Luc akasema, "Si unamjua Baba?" Hakuna kati yetu aliyekuja. Tulikuwa na kazi. Tulifikiri kuna muda.

Baada ya mazishi Baba aliikuta kwenye droo yako barua ya hospitali. Ulikuwa umepangiwa kupasuliwa macho mwezi wa Aprili.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza.

"Na wewe ulimwambia kitabuni mna nini?" Clarisse akamjibu.

Tangu siku hiyo halali kitandani kwenu. Hulala kwenye kiti. Peyrac alipokuja Krismasi, hakukiulizia kitabu. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akasema, "Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri, mwalimu." Baba akamfungia mlango, akaingia chumbani, tukamsikia akilia huko ndani kama mtu anayekabwa.

Jumapili iliyopita tulimpeleka Baba kaburini kwako. Alisimama kwenye manyunyu, mwavuli ameukataa, midomo inacheza bila sauti. Tulirudi nyuma kidogo tumwachie nafasi.

"Huguette," akasema hatimaye. Akangoja umwitikie. Akaliita tena jina lako, safari hii kwa sauti, hata watu wa makaburi ya jirani wakageuka. Akangoja mpaka mvua ikamlowesha koti. Tukamshika mikono tukamrudisha nyumbani.

Tunaokukumbuka ni wanao Clarisse na Luc, mkweo Benoît, mjukuu wako Apolline, na mumeo Anselme, aliyeomba jina lake liwekwe mwisho.

Hutatutoka moyoni, Mama, maadamu tu hai.