Mabasi Makuukuu ya Makambako

Jumanne, 3 Aprili 1956

Basi limechelewa. Kawaida. Nimelingoja pale kanisani na kikombe changu cha chai hadi chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Sanduku la dawa kutoka Makambako limefika, chupa moja imepasuka. Abiria wa hapa Lyamato wakashuka, kuku wakashushwa, vikapu vikapandishwa.

Ndipo dereva Matola akaniita pembeni. Mhehe huyu si mtu wa maneno mengi. Anasema Kampuni inayaondoa mabasi yote ya zamani mwisho wa mwezi huu. Yote matatu. Yamechoka, wanasema. Yanakuja mapya, marefu, ya kupita barabara kuu tu kutoka Makambako hadi Njombe. Hayataingia vijijini. Hayataingia Lyamato.

Nimeghadhibika. Ni kweli yamechoka. Mbao zimeoza, mvua inanyesha ndani sawa na nje, na mlimani tunashuka na kusukuma. Lakini yanaingia. Hatujawahi kuomba zaidi ya hilo.

Mwanangu Fedrika atajifungua mwanzoni mwa Mei.

Jumatano, 4 Aprili

Usingizi haukuja. Naandika ili nisimfokee mtu.

Mwaka juzi Fedrika alishikwa na uchungu siku isiyo ya basi. Mimi ndiye mkunga wa zahanati hii. Nimezalisha karibu watoto wote wanaokimbia hapa kijijini, na mjukuu wangu mwenyewe nilimpokea amekwisha kufa. Nyonga ya Fedrika ni nyembamba. Daktari wa Njombe alisema wazi: mtoto mwingine atatoka kwa kupasuliwa, na mama aletwe kabla ya uchungu.

Kutembea hadi Njombe hawezi. Kubebwa kwa machela kwenye tope hili la masika, mbali namna ile, ni kumwua njiani. Anahitaji basi, na hayo mapya ya barabara kuu hakuna ajuaye yataanza lini.

Ijumaa, 6 Aprili. Makambako

Nimekuja mwenyewe ofisini kwa Kampuni, kwa basi linalorudi kutoka Njombe. Upepo wa hapa unapenya hadi mifupani. Nitalala kwa shemeji yangu hadi basi la Jumanne.

Karani ni Mbena mwenzangu, kijana wa tai shingoni. Nikamwamkia kwa Kibena, kamwene. Akanijibu kwa Kiingereza. Nilitaka kumzaba kibao.

Bwana Mkubwa, Mzungu wa Kampuni, hakunikaribisha kiti. Alisema kwa kinywa cha karani kwamba njia ya Lyamato ni ya mbuzi, na gari jipya halina kazi na njia ya mbuzi. Nikaeleza habari za Fedrika. Karani akafasiri kwa ufupi mno, maneno yangu marefu yakawa mawili matatu. Mwishoni Bwana akasema kama watu wataitengeneza njia, ataitazama. Atapanda mwenyewe basi la mwisho, Jumanne ya tarehe ishirini na nne, na ataamua huko huko.

Nikasema ahsante sana, Bwana. Ahsante ya nini? Ana motokaa yake mlangoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nimejichukia tangu nilipotoka pale.

Jumatano, 11 Aprili

Nimerudi. Nimegombana na Mama Yohana, mama mkwe wa Fedrika. Nilitaka Fedrika apelekwe Njombe sasa, akangojee huko. Hataki. Hatuna ndugu Njombe, anasema. Mke wa mwanawe hawezi kwenda kulala kwa watu baki na tumbo lile, majirani watasema wamemtupa. Yohana yuko Tanga, kwenye mkonge. Akirudi ataambiwa nini?

Nikamwambia ataambiwa mke wako yu hai. Akachochea moto wake. Utulivu wake unaniudhi kuliko kelele.

Tumepatana: basi la mwisho, si kabla. Fedrika alikuwa pale pale, anamenya viazi. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Jumapili, 15 Aprili

Baada ya ibada Jumbe ametangaza mgowe wa barabara. Kwa kawaida mgowe ni wa shamba: mwenye kazi anapika pombe, kijiji kinakuja na majembe, jioni shamba limekwisha na watu wanaimba. Safari hii mwenye kazi ni sisi sote.

Mwinjilisti akasimama akasema barabara inayofika kanisani haitatengenezwa kwa pombe. Togwa inatosha. Wanaume wakatazama chini. Nilijua wanawaza nini. Mtu kuamka kwenye baridi hii kwa ajili ya togwa!

Jumamosi, 21 Aprili

Wamekuja. Sikutegemea. Wamekuja hata wa vilima vya ng'ambo, ambao basi haliwafikii kabisa. Togwa ilikuwepo mbele, pombe ya ulanzi ilikuwepo nyuma ya miti ya miwati, na mwinjilisti siku nzima hakupita upande wa miwati.

Watu wa huku ukiwapa jembe, wanalima. Waliichimba ile njia kuanzia barabara kuu hadi kanisani, kina cha jembe zima. Wakageuza udongo. Wakaponda mabonge. Wakang'oa magugu ya kando, wakasawazisha kwa viganja. Mashimo yote yakapotea, na mawe yaliyokuwa yakiturusha miaka yote yakatupwa bondeni. Jioni ilikuwa nyekundu, laini, imenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Jumbe alisema hata Iringa hawana barabara namna hii.

Tulipiga vigelegele. Nami nilipiga. Leo sina hasira na mtu.

Jumapili, 22 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 23 Aprili

Mvua. Nimemfungia Fedrika nguo, blanketi, unga kidogo na viazi vya kupika huko. Miguu imemvimba. Mama Yohana ameleta kuku aliyechinjwa na kukaangwa, akaweka mlangoni, akaondoka bila neno. Nimekwenda kuitazama barabara. Nilipoikanyaga, mguu ulizama hadi kifundoni. Nikajiambia gari si mguu. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 24 Aprili. Njombe

Naandika kwenye benchi la hospitali. Kalamu inakwaruza kwa sababu naikandamiza.

Basi liliingia asubuhi. Tulilisikia kutoka kanisani likinguruma, halafu likinguruma zaidi, halafu likanyamaza. Nikamwacha Fedrika na mama mkwe wake, nikakimbia. Lilikuwa limezama kwenye kona ya kwanza, tumbo juu ya udongo wetu mzuri. Magurudumu hayaonekani.

Bwana Mkubwa alishuka kutoka daraja la kwanza, kule mbele kwenye vioo. Buti likabaki kwenye tope, akalivuta kwa mikono. Akauliza nani amefanya hivi. Jumbe akavua kofia.

"Ni sisi, Bwana," akasema. "Kijiji kizima."

Alisema kwa fahari. Alidhani anasifiwa. Karani aliyekuja naye akafasiri, na Bwana akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani. Alicheka kama mtu aliyeona mtoto amevaa koti la baba yake. Hicho ndicho kilichonichoma. Angetukana ningemsamehe upesi zaidi. Akasema njia ilikuwa afadhali kabla hatujaigusa, kwa kuwa barabara hushindiliwa kwa mawe, hailimwi. Mawe! Tulikuwa tumeyatupa bondeni kwa mikono yetu. Na nani aliwahi kutuonyesha? Barabara zao zilitengenezwa na baba zetu, lakini baba zetu waliambiwa beba hapa, tupa pale, nyamaza.

Basi, mambo ya gari jipya yakaishia pale. Hakuhitaji kusema zaidi.

Tulikata matawi ya miwati tukayatia chini ya magurudumu. Tukavuta kwa kamba. Wale wale wa Jumamosi, sasa hakuna togwa wala ulanzi. Wanawake walisukuma. Mwinjilisti alisukuma, akaanguka kifudifudi, hakuna aliyecheka. Lilitoka jua limeshapinduka, kinyumenyume, hadi barabara kuu. Bwana akapanda, akagonga kioo: twende Njombe.

Matola akazima moto. Ujue gari hilo likizimwa haliwaki bila kusukumwa. Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia ya Kampuni akaiweka gotini.

"Mgonjwa wangu bado, Bwana," akasema.

Bwana akamfokea. Karani naye akamfokea, kwa Kiswahili, ili tusikie wote. Matola akawangoja wamalize.

"Mimi mmeshanistaafisha pamoja na gari," akasema. "Mtanifukuza mara ya pili?"

Ndivyo nilivyojua kwamba hata yeye anaondolewa. Wiki zote hizi ananipa habari za mabasi, la kwake hakulisema. Nami sikuuliza.

Fedrika aliletwa ameketi kwenye kiti cha kanisa, amebebwa na wanaume juu ya ule udongo, wanazama na kuinuka. Mama Yohana nyuma, ameshika viatu vya Fedrika. Nilikuwa naelekea mlango wa nyuma, daraja letu, pamoja na kuku. Matola akafungua ule wa mbele. Akamwinua mwanangu akamketisha kwenye kiti cha ngozi, kando ya Bwana Mkubwa, na mimi nikabanana pale pale na matope yangu. Bwana akageukia dirishani. Hakugeuka tena hadi Njombe.

Watu wakasukuma. Likawaka.

Jumamosi, 28 Aprili

Amepasuliwa. Mtoto wa kike. Amekuja analia.

Fedrika ana homa.

Jumatatu, 30 Aprili

Homa haijashuka. Nimemkaripia nesi bure, kisha nikaenda kumwomba radhi. Matola amekuja kutuona, amevaa koti la kawaida. Sikumtambua. Anasema mabasi yote matatu yamepangwa nyuma ya karakana, viti vimeng'olewa, na mlinzi amekwisha kuingiza kuku wake mle. Anarudi kwao Iringa kulima. Nilitaka kumwambia neno la maana. Nikampa viazi vilivyobaki, akavipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 6 Mei

Homa imekwisha. Ameketi, amekula, amenitania kwamba nimekonda kuliko yeye. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Ijumaa, 18 Mei

Tumerudi kwa basi jipya. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Halivuji, halisukumwi, na kitoto kililala njia yote. Dereva ni mgeni, hajui jina la kijiji chetu. Alitushusha barabara kuu akaondoka kabla sijamaliza kufunga kanga mgongoni.

Mama Yohana alikuwa akitungoja pale, peke yake. Akamchukua mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akaomba jina lake liwe la mama yangu mimi. Sikutarajia. Nikasema ndiyo.

Tukaanza kutembea, Fedrika katikati yetu, polepole kwa sababu ya mshono. Barabara imekauka. Imeota njegere. Kutoka kona ile lilipozama basi hadi karibu na kanisa, mistari imenyooka, majani mabichi, kimo cha kidole. Nikasimama. Nikauliza ni nani. Mama Yohana akasema ni yeye na mke wa Jumbe na wengine. Udongo umelimwa vizuri hivi, akasema, gari haliji, uachwe bure?

Hasira ilinipanda. Mke wa Jumbe mwenyewe ni mjamzito, na huyo atapita wapi, juu ya mabega ya nani? Nilitaka kuinama nizing'oe zote. Fedrika akanishika mkono, akasema amechoka, anataka kufika nyumbani.

Tulipita pembeni, kwenye nyasi, tusizikanyage.