Kiwiko cha Mpimaji

Mshauri wetu, shikamoo, nisaidie kabla sijaumiza mtu mwingine, maana mimi ni fundi magari, miaka ishirini na miwili sasa naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni na kujua ugonjwa kabla sijafungua kitu, ndiyo maana wananiita Daktari, lakini tangu mwaka jana sikio la kushoto linavuma kama feni na halisikii, nami nimeficha, shemeji yangu ninayefanya naye kazi akawa ananitania kwamba nasikia magari kuliko watu, mpaka mwezi uliopita aliposema “Ngoja kwanza,” mkono wake ukiwa kwenye mkanda wa injini, mimi nikawasha, vidole viwili vikavunjika, na mpaka leo anawaambia watu kosa ni lake, hakusema kwa sauti. Mke wangu akanipeleka kupimwa, nikawekwa kwenye chumba kidogo nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio, nikaona kupitia kioo kwamba kiwiko cha mpimaji kinasogea kila anapoutoa, basi nikabonyeza kwa kufuata kiwiko, nikafaulu, ila daktari aliponinong’oneza kushoto sikugeuka, sasa anasema majibu hayapatani, anataka vipimo vingine, kikiwemo cha kubandikwa nyaya kichwani, naogopa, nifanyeje?

Daktari wa Injini

Marahaba, Daktari. Kwa sikio, pole. Kwa kiwiko, sikupi pole. Mteja akikuficha kwamba gari lake linachemsha, unamwitaje?

Vipimo hivyo unavijua kuliko unavyodhani. Kimoja hubadilisha kidogo msukumo wa hewa sikioni, kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Kingine ni bisibisi yako hasa: kidude kinachotetema huwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, sauti ipitie mfupani. Ukiisikia vizuri, hitilafu iko njiani, sikio la nje au la kati. Usipoisikia, iko ndani zaidi, pengine kwenye neva. Na nyaya hazikupigi umeme, zinasikiliza tu ubongo ukipokea sauti, nawe umejilaza, huna cha kubonyeza. Hapo hata viwiko kumi havitakusaidia. Sikio moja likififia peke yake, chanzo lazima kitafutwe, kwa kuwa vingine hutibika vikiwahiwa.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chako kimeanzia kwa mwenzako. Mwambie daktari habari ya kiwiko, kipimo cha kwanza kirudiwe. Mpaka majibu yatoke, usiwashe gari lolote ambalo mtu ana mkono ndani yake.

Lakini kabla ya hospitali, pita kwa shemeji. Mwambie kwamba alisema, na kwa sauti ya kutosha. Kisha kaa kushoto kwake, sikio lako zima limwelekee, unyamaze, umsikilize.