Baba, Walikuja na Masufuria

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kusema lake. Nimechoka na foleni ya Ntinda, nimechoka na wageni wa kutoa pole ambao hadi leo wanakuja na kusubiri chai, nimechoka na viatu vyako ambavyo Mama hataki viguswe pale mlangoni. Kila nikitoka naviruka. Asubuhi nyumba iko kimya, maana hakuna tena mtu wa kuimba tenzi bafuni hadi majirani waamke.

Lakini nimekaa kukuandikia habari za kanisa, si za viatu.

Udongo wa kaburi lako haujakaa sawa, wazee wa kanisa wakaanza kusema ibada ya Kiswahili ifungwe. Nisiwasingizie, hawakuwa na ubaya. Tunaokuja ni wachache na wengi wetu wanatembelea fimbo, na vijana wa chuo pale Kyambogo wanaitaka saa yetu kwa ibada yao ya Kiingereza. Ila kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitamka. Kwa watu wengi wa rika lako hapa Kampala, Kiswahili ni lugha ya askari. Waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani, wakiwa wamelazwa kifudifudi.

Wewe ulijua hayo kuliko wote, mtoto wa koplo kutoka Kitgum, uliyezaliwa kambini, ukacheza kwa Kiswahili na kuchapwa kwa Kiswahili. Ulikuwa ukisema, "Wenzangu waliachiwa ng'ombe, mimi nikaachiwa hiki," halafu unacheka peke yako. Na walipokuuliza kwa nini mchungaji mzima wa Presbiteri anahubiri kwa lugha ya bunduki, jibu lako lilikuwa lile lile: "Watu walitukanwa kwa lugha hii. Basi waombewe kwa lugha hii hii."

Unakumbuka ulivyonifundisha kuisoma? Mimi mtoto wa Kampala, l na r kwangu zilikuwa kitu kimoja. Ulinikalisha jikoni na zaburi, wewe unamenya viazi. Nikasoma kwamba Mungu hatasinzia wala hatarara. Ukaweka kisu chini. "Mama yangu," ukasema, maana nilirithi jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine, "huyo anayerara simjui. Soma tena." Nilisoma hadi viazi vikaiva.

Sasa sikiliza. Ulipenda kusema sisi Wapresbiteri hatuna askofu, tuna vikao. Basi kikao kikaamua washirika wote wapige kura. Mzee Kiwanuka, katibu wetu, akaja kwenye ibada yetu kutangaza, na ulimi wake wa Kiganda unaujua. Akasema Jumapili ijayo wote tubaki, kutakuwa na kula. Mimi nikaelewa kura. Nikadhani wote wameelewa.

Baba, walikuja na masufuria. Wale bibi wa ibada yako wote, wajane wa askari na wa polisi, wameshuka kwenye boda na vyungu vimefungwa vitenge. Malakwang, ile mboga yetu chachu ya karanga, mihogo, kuku wa kukaanga. Watu ambao siku zote huondoka mapema kwa sababu vikao ni vya Kiingereza, siku hiyo hakukosekana hata mmoja. Kiwanuka alipouliza ni harusi ya nani, na wakamweleza, alishika kichwa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikalia, kwa sababu ulikuwa mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia.

Kikao chenyewe kilituendea vibaya. Kijana wa chuo alizungumza vizuri, kwa heshima, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi nilisimama, nikasalimia, nikakaa.

Halafu akasimama Nnalongo, yule mjane wa Mengo. Yeye ni wa ibada ya Kiganda, na kila mtu anajua watu wenye bunduki walimchukua mumewe nyumbani na hakurudi. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayetuzika. Akafungua mdomo, akaongea Kiswahili. Hatukuwahi kumsikia akikiongea.

"Watu waliochukua bwana yangu walisema Kiswahili," akasema. "Mimi nilisikia 'twende' tu. Miaka mingi nikisikia hii lugha, tumbo inaniuma. Halafu muchungaji akakuja nyumbani, akakaa chini, akaniambia pore. Kwa Kiswahili. Hakuna mutu mwingine alishaniambia pore kwa hiyo lugha. Mukiifunga, mimi nitabaki na 'twende' peke yake."

Hukuniambia kamwe kwamba ulikwenda kwake. Hakuna aliyecheka ile "pore". Kiwanuka alivua miwani. Walipoambiwa wanyooshe mikono, hata yule kijana wa chuo alinyoosha wa kwake upande wetu, akatazama pembeni.

Kwa hiyo ibada ipo. Kisha tukala wote, na chakula hakikutosha. Lakini mchungaji mpya hajui Kiswahili, akauliza nani ataiongoza, na macho yote yakanigeukia. Nilitaka kusema tafuteni mwingine. Ninaamka alfajiri, ninauza dukani kutwa, jioni namlisha Mama kijiko kwa kijiko kwa sababu bila wewe hataki kula. Nguvu za kubeba kitu kingine sina. Nikamtazama Nnalongo, nikasema sawa.

Ningekuomba uniombee, lakini najua ungenikumbusha kwamba sisi si watu wa kuwaomba wafu. Basi pumzika tu, Baba, umefanya kazi ya kutosha. Mahubiri sijaandaa, kichwa ni kizito. Ila Nnalongo amesema anahamia ibada yetu na atakaa mbele. Nakuahidi Jumapili nitasimama pale uliposimama, na kabla ya sala, kabla ya wimbo, nitamtazama yule mama nimwambie pore.

Mwanao,
Akello