Picha ya Kifua cha Mama

Nyambureti, 9 Mei 1993

Mwanangu Vedasto,

Habari za huko machimboni? Hapa tu wazima, na ng'ombe mweusi amezaa. Ila mimi sina raha. Ulipokuja Pasaka hukulala, ulikohoa tu, na suruali yako sasa ndiyo inayokuvaa. Mura, kijana wangu, nenda hospitali upigwe picha ya kifua. Stanslaus wa mitumba ataniletea jibu lako.

Mama yako,
Esta

Nyamongo, 23 Mei 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ni vumbi la mawe tu. Kuhusu picha, unisamehe. Kwenye duara letu la kuchimba dhahabu, aliyepigwa eksirei hashuki tena shimoni. Mkuu wetu, Mzee Mogesi, anasema ule mwanga hubaki mwilini, na dhahabu ikiuona inajificha. Wote wanamwamini, na mimi naogopa. Nikifukuzwa sasa, nitarudi nyumbani na nini? Tafadhali usinune.

Mwanao,
Vedasto

Nyambureti, 20 Juni 1993

Mwanangu mkaidi,

Marahaba. Nilinuna, tena sana. Kisha nikapanda gari hadi hospitali ya Mugumu nikapigwa picha mimi mwenyewe, ili uone kama mama yako atawaka gizani. Nilikumbatia ubao wa baridi, mpiga picha akasema vuta pumzi, ibane, basi. Sikuhisi kitu!

Nilimweleza huyo kijana, Nikodemo, habari za Mogesi wako. Alicheka mpaka akaketi. Anasema mwanga wa jua, mawimbi yanayoleta sauti redioni na hiyo eksirei ni ndugu wa ukoo mmoja, tofauti ni urefu wa mawimbi. Ya redio ni marefu. Ya eksirei ni mafupi mno, yanapenya nyama lakini mfupa unayazuia, ndiyo maana mbavu zinatoka nyeupe. Si ya kuchezea, hupigwa kwa sababu tu. Lakini mashine ikizimwa yamekwisha, kama tochi. Hayabaki popote.

Sasa kaa chini. Picha yangu ilikuwa na doa kwenye pafu. Wakapima makohozi. Nina kifua kikuu. Kinapona, wamenihakikishia, na sindano nimeanza. Sikulaumu hata kidogo. Nakupenda, na sasa najua kinachokukohoza. Nenda hospitali.

Mama yako,
Esta

Nyambureti, 18 Julai 1993

Vedasto mwanangu,

Stanslaus amerudi mikono mitupu. Hata kama umekasirika, niandikie neno moja nijue upo.

Mama

Turwa, Tarime, 1 Agosti 1993

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje na hizo sindano? Nilinyamaza kwa aibu. Barua yako niliisomea shimoni, nikalia mbele ya watu. Nimepigwa picha. Mapafu yote mawili yameguswa, na dawa nimeanza. Mogesi alinifukuza siku hiyo hiyo, nguo zangu nikazikuta nje. Baadaye wakapata dhahabu, na wanasema ni kwa sababu niliondoka.

Nimejibanza kwa rafiki hapa Turwa. Nyumbani siji, mama. Nilitaka kukuletea kitenge, nikakuletea ugonjwa. Nitakutazama vipi?

Mwanao,
Vedasto

Nyambureti, 15 Agosti 1993

Vedasto wangu,

Marahaba. Sindano zinauma, ila sasa napanda kilima cha kanisa bila kupumzika. Barua yako imeniliza, nikapangusa macho nikatafuta fundi.

Nikodemo aliniambia jua lina mwanga mwingine usioonekana kwa macho, na vijidudu vya ugonjwa huu unaviua. Vinapenda giza na hewa iliyofungwa. Chumba chako kilikuwa giza tupu. Basi fundi Nyamhanga ametoboa dirisha kubwa upande wa mawio, kwenye ukuta alioujenga marehemu baba yako. Majirani wanasema nimepata wazimu. Waache waseme.

Uombe karatasi ya dawa zako ili Mugumu wakupokee. Kitenge sikihitaji. Ungekuja na dhahabu bila kifua ningeifanyia nini? Unitazame vyovyote utakavyoweza, mradi nikuone.

Asubuhi jua linafika mpaka kitandani, na kitanda hakina mtu. Njoo, baba.

Mama yako,
Esta