Hitilafu Iliyobaki Kushoto

Bandung,
Jumapili

Mdogo wangu Engkos,

Assalamu alaikum. Shemeji Nunung anaendeleaje, kifua chake kimetulia? Na mama yetu Ambu bado anagombana na kuku wa jirani? Mwambie tofu aliyotutumia ilifika ingali na joto, na watoto hawakunibakizia hata kipande. Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Hicho kiasi ndicho nitakachokueleza.

Uliniuliza kwa nini sauti yangu siku hizi imekuwa ya mtu aliyepoteza mzigo. Simu haifai kwa jambo hili, maana ungenikatiza kwa mzaha kabla sijafika mwisho. Ndiyo sababu naandika.

Unajua tunatengeneza programu ya wabunifu wa kiwanda kimoja cha vitambaa huko Majalaya. Skrini yake imegawanywa vidirisha vitatu: kushoto orodha ya rangi za nyuzi, katikati mchoro wa kitambaa, kulia hesabu za ufumaji. Kati ya kidirisha na kidirisha kuna mstari ambao mtumiaji huuburuta, apanue huku na kupunguza kule. Hatuiambii kompyuta kila kitu kikae wapi. Tunaipa masharti: orodha isipungue upana fulani, mchoro uchukue nafasi inayobaki. Kila sharti lina uzito wake, na nafasi ikibana, jepesi huliachia zito nafasi. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupanga nani ampishe nani.

Tulipoletewa skrini mpya, pana kuliko za zamani, nikaanza kuona majina ya rangi yamekatwa mwanzo. Penye “kijani cha pandani” mimi naona “pandani” tu. Nikaandika taarifa ya hitilafu, nikampa Mutia, binti aliyeandika sehemu ile. Akarudi akisema kwake hakuna kilichokatwa. Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama, akasema, “Kaka Oman, majina yapo yote. Labda yanakuogopa wewe tu.”

Sikucheka. Nikaamua kurekebisha mwenyewe: nikaipanua orodha, nikaliwekea sharti lake uzito usiopisha chochote. Majina yakaendelea kukatwa, nami nikaendelea kupanua. Mutia akauliza hiyo orodha nainenepeshea harusi ya nani.

Toleo lile likaenda Majalaya, ambako wana kompyuta ndogo. Orodha ikagoma kupungua, hesabu nazo zikashikilia upana wake, mchoro ukabanwa katikati hadi ukawa kama ufito. Mkuu wa wabunifu akampigia bosi wetu, Bi Hartini, akitaka kujua kama kiwanda chao sasa kinafuma vitambaa au kamba za viatu. Bi Hartini akaniita mbele ya wenzangu. Nikasema chanzo ni Mutia, kwa kuwa tangu mwanzo alikataa kuiona hitilafu. Mutia akarudi mezani kwake.

Kesho yake alikuja mezani kwangu na sahani ya bala-bala za mboga, za moto, zimetoka kukaangwa. Akaiweka, akasubiri. Kisha akaniuliza kama hasira imenifikisha pa kususa chakula. Nikamuuliza chakula gani. Harufu niliisikia, ila nilidhani ni ya meza ya jirani. Kumbe sahani ilikuwa kushoto kwangu, karibu na kiwiko.

Aliinama kwenye kibodi yangu akaigeuza programu ielekee upande wa pili, kama tunavyofanya kwa wateja wanaosoma Kiarabu. Masharti yetu hayataji kushoto wala kulia, hutaja mwanzo na mwisho, kwa hiyo kila kitu kiligeuka kama kwenye kioo. Orodha ikahamia kulia, hesabu zikaja kushoto. Akaniambia nisome rangi. Nikazisoma zote, majina mazima. Akaniambia nisome hesabu. Zilikuwa zimekatwa.

Hitilafu ya programu, Engkos, huhama na kitu chake. Hii haikuhama. Mutia akasema taratibu, “Kaka, hii mimi siwezi kukurekebishia.”

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limebakiwa na tundu dogo la kuonea, na la kulia limeanza kuliwa upande wa pua. Halikuniuma, wala sikuona giza, kwa kuwa ubongo huziba pengo kwa kile unachodhani kipo. Kilichokwenda hakirudi. Matone niliyopewa ni ya kuzuia kilichobaki kisifuate. Pikipiki nimeiuza. Mutia nimemwomba radhi mbele ya watu wale wale. Alisema ameipokea, ila bala-bala za wiki ijayo ni juu yangu.

Sasa lile hasa lililonifanya niandike. Daktari aliniuliza kama nyumbani yupo mwingine mwenye tatizo hili. Nikajibu hakuna. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipomkumbuka baba yetu Abah, Mungu amrehemu, na mzega wake wa tofu. Kila alfajiri alikuwa akigonga kikapu kwenye nguzo ya geti, ile ya kushoto, nasi tukisema anaiamkia. Nikarudi ndani, nikamwambia daktari yupo, alikuwepo. Akasema basi ndugu zangu wa damu wapimwe bila kuchelewa.

Wewe ulitusimulia sikukuu jinsi kioo cha pembeni cha lori unaloendesha kilivyovunjika kwenye kona za Cadas Pangeran, ukasema ukuta ndio uliokusogelea. Kabla ya hapo uliukwaruza mkokoteni wa muuza ndizi za kukaanga, ukamtukana kwamba ametokea hewani. Kioo kilikuwa cha kushoto, na mkokoteni ulikuwa kushoto. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sisemi kwamba unao ugonjwa huu. Nasema hujui, na mwenye nao hawezi kuujua kwa kutazama tu. Usipande lori tena mpaka upimwe. Mwambie mwenye gari chochote utakacho, hata kwamba kaka yako amekuwa kichaa. Njoo kwa basi Alhamisi, daktari anakutarajia.

Msalimie Nunung na watoto. Ambu usimweleze habari ya Abah. Nitamweleza mimi mwenyewe, taratibu, maana alimgombeza miaka mingi kwa ajili ya ile nguzo.

Nitakusubiri stendi, chini ya saa kubwa. Ukiniona, nijie kwa upande wa kulia.

Ni mimi kaka yako,
Oman