Mnyama wa Shadiah

Kwako Baba Shadiah, huko kambini jeshini,

Pokea salamu zetu za Kasese. Joto limetuchosha, mbuzi amezaa, na jirani yetu Mama Jolly hanisalimii tena kwa wivu. Acha aone! Binti yake anauza sabuni, wangu amevumbua mnyama.

Ndiyo, yule binti aliyekataa jeshi akaenda kusomea wanyama, ukamwambia, "Nenda basi ukawe afande wa panya," na tangu siku hiyo hujaongea naye. Kule milimani juu ya Bugoye, kwenye msitu usioachwa na ukungu hata mchana, amekamata kitu kidogo kama kidole gumba, pua ndefu, manyoya meusi. Walimu wakubwa wa Kampala wamekitazama wakasema hakimo katika kitabu chochote duniani. Mimi niliishia darasa la tano, lakini nimezaa mtu wa hivyo!

Sasa, wakati wa kushuka aliteleza kwenye mawe akavunjika mguu. Yuko hospitalini, nami nalala sakafuni kando yake, mgongo umekwisha. Hajalia. Ila simu ikiita anaitazama haraka ni nani, kisha anairudisha chini ya mto. Juzi aliniuliza, "Mama, Baba amesikia?" Nikamwambia mtandao wa huko ni mbaya.

Nimechoka kusema uongo kwa ajili yako. Mpigie. Msamaha usiombe, najua mdomo wako hauwezi. Muulize tu huyo mnyama anakula nini. Atakueleza mpaka vocha yako iishe.

Mkeo anayekungoja,
Fatumah